Kombe zuri, sumu kali: Tunajifunza nini kwa konokono mwenye chusa?

Ndugu msomaji, juma hili naomba unisamehe kama utaona nimetoka nje ya yale tuliyozoea kuyajadili katika safu hii. Nataka tuzungumze habari ya konokono. Si konokono wa bustanini anayekula mchicha, bali konokono wa baharini. Najua wapo watakaosema, “Ustadh naye amekosa la kuandika.” Lakini nawaomba mvumilie hadi mwisho, kwani jambo lenyewe linagusa usalama wa watoto wetu, na linagusa pia wagonjwa tulionao majumbani.

Miaka kadhaa iliyopita, siku ya likizo, niliwachukua vijana ninaowasomesha jioni tukaenda kutembea ufukweni Kigamboni. Bahari ilikuwa imekupwa, miamba imebaki wazi, na vijana wakatawanyika kuokota makombe. Haukupita muda, kijana mmoja wa miaka kumi na moja akainua jiwe la tumbawe na kupiga kelele, “Ustadh, tazama!” Akaniletea kombe lenye urefu wa kidole, jeupe lenye mabaka ya rangi ya kahawia, laini kama lililopakwa mafuta. Nililishika kiganjani, nikaligeuzageuza, nikawakusanya vijana na kuanza kuwapa darsa juu ya uzuri wa maumbile.

Pembeni yetu alikuwa akipita mzee mmoja aliyetoka kuchokoa pweza. Alisimama, akatazama mkono wangu, akasema, “Ustadh, mrudishe huyo majini. Yu hai, na anachoma.”

Nikamjibu kwa kujiamini, “Mzee wangu, konokono ataniuma kwa meno gani?”

Akacheka kidogo. “Ana mshale, mwalimu. Weka chini kwanza, halafu tubishane.”

Nikaweka chini, lakini moyoni sikuridhika. Nilipofika mjini nikaanza kupekua vitabu na kuuliza wanaojua. Kwa hakika nilichokisoma kilinitoa jasho. Siku ile mzee yule, ambaye pengine hakuwahi kukanyaga chuo kikuu, alikuwa mwalimu. Na mimi mwenye shahada nilikuwa mwanafunzi. Tena mwanafunzi aliyekuwa ameshikilia mauti kiganjani huku akitoa darsa.

Ni mnyama gani huyu?

Wataalamu wanamwita kwa Kilatini Conus geographus. Jina hilo alipewa mwaka 1758 na Linnaeus, yule mtaalamu wa Sweden aliyeweka utaratibu wa kuwapa viumbe majina ya kitaalamu. Neno la kwanza linatokana na umbo la kombe lake, pana upande mmoja na kuchongoka upande wa pili, kama koni ya aiskrimu. Neno la pili linatokana na mabaka yake, yanayofanana na nchi zilizochorwa kwenye ramani. Jamii yake ni kubwa, ina aina zaidi ya mia saba, na zote zina sumu. Lakini huyu ndiye anayeogopwa kuliko wenzake wote. Anaweza kufikia urefu wa sentimita 15 hivi, na makazi yake ni bahari za joto kuanzia Bahari ya Shamu na pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi Australia na visiwa vya Pasifiki. Mchana hujificha chini ya mawe na vipande vya matumbawe. Usiku hutoka kuwinda.

Na anawinda nini? Anawinda samaki! Hebu tujiulize: konokono, ambaye kwa uzito wa mwendo amekuwa methali midomoni mwa watu, anamkamataje samaki?

Jibu ni kwamba hamfukuzi. Hunusa maji kwa mrija wake, akatambua kuwa samaki wamelala mwambani, akawasogelea polepole. Kisha hufungua mdomo wake ukapanuka kama mfuko wa wavu, na samaki wadogo huingia humo bila purukushani, kama waliolewa. Baada ya hapo ndipo hutoa silaha yake. Jino la mnyama huyu si kama meno tunayoyajua. Ni kitu chembamba chenye uwazi ndani kama sindano ya hospitali, na ncha yake ina vijino vya kunasia kama chusa cha mvuvi. Jino hilo hukaa kwenye ncha ya mrija unaorefuka kama mkonga, na hupigwa kwa ghafla likiwa limejaa sumu. Likishatumika mara moja halitumiki tena. Ndani ana akiba ya mengine.

Sasa tazama jambo la ajabu. Mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba miongoni mwa vitu ambavyo konokono huyu humwaga majini kuwalegeza samaki imo insulini. Ndiyo, insulini, ile ile homoni inayotengenezwa na kongosho la mwanadamu, ambayo wagonjwa wa kisukari hujidunga. Tena insulini hii haifanani na ya konokono wengine, bali inafanana na ya samaki. Samaki akiipata, sukari katika damu yake hushuka kwa kasi, akalegea kama mgonjwa wa kisukari aliyejidunga dawa kupita kiasi na hajala. Hapo kukimbia tena hawezi.

Yanayompata mwanadamu

Ndugu msomaji, konokono huyu hamwindi mtu. Mwaka 2014 ilichapishwa kazi ya watafiti iliyoonesha kwamba ana aina mbili za sumu, zinazotoka sehemu tofauti za mfereji wake wa sumu: moja ya kuwindia na nyingine ya kujilindia. Ile ya kujilindia ndiyo iliyosheheni vitu vya kupoozesha misuli. Maana yake ni kwamba sumu inayomuua mtu ni ile ya mnyama aliyeshikwa, akageuzwageuzwa, akatiwa mfukoni. Yaani ni sisi tunaomwendea, si yeye.

Habari za watu kufa kwa konokono wa jamii hii si mpya. Rumphius, mtaalamu wa viumbe aliyeishi Ambon katika visiwa ambavyo leo ni Indonesia, aliandika habari ya mwanamke mtumwa wa Banda aliyefariki baada ya kushika konokono wa aina hiyo mkononi. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1705.

Tukio linaloelezwa zaidi ni la mwaka 1935 katika kisiwa cha Hayman, jimbo la Queensland, Australia. Kijana wa miaka 27 alikuwa ameshika konokono huyu kiganjani, akimkwangua kwa kisu ili kusafisha kombe. Akachomwa. Daktari aliyeandika tukio hilo anaeleza kuwa kijana hakusikia maumivu, ila ganzi kidogo. Baada ya dakika kumi midomo ikawa mizito. Baada ya dakika ishirini macho yakaanza kuona ukungu, kitu kimoja akakiona viwili. Baada ya nusu saa miguu ikapooza. Baada ya saa moja akapoteza fahamu. Baada ya saa tano akafariki dunia.

Zingatia hapo: hakusikia maumivu. Hilo ndilo linalomfanya mnyama huyu awe hatari zaidi kwa asiyejua. Nge akikuuma unapiga kelele na watu wanakukimbilia. Huyu anaweza kukuchoma ukadhani umekwaruzwa na jiwe, ukaendelea kuokota makombe.

Sababu ya kifo ni kwamba sumu hukata mawasiliano baina ya mishipa ya fahamu na misuli. Ubongo unatoa amri, amri haifiki. Miguu haiendi, kope hazifunguki, na mwisho misuli inayovuta pumzi nayo husimama. Dawa maalumu ya kuvunja sumu hii haipo hadi leo. Lakini, na hili ni muhimu mno, mtu anayesaidiwa kupumua mpaka sumu iishe nguvu mwilini anaweza kupona kabisa. Kwa hiyo baina ya uhai na kifo pana jambo moja: wenzake wamejua upesi kilichomsibu, au hawakujua.

Sumu iliyogeuka dawa

Hapa ndipo kisa kinapogeuka, na ndipo lilipo somo nililokusudia.

Katika miaka ya sitini, kijana mmoja wa Kifilipino, Baldomero Olivera, alikuwa akisoma na kufanya utafiti Marekani katika elimu ya kemia ya viumbe, akishughulika na vinasaba. Aliporudi kwao Manila alikuta maabara haina vifaa vya kuendeleza kazi ile. Wasomi wangapi wa nchi zetu wamefikwa na hali hiyo? Wengi hukunja mikono wakalalamika, au hufunga mizigo wakaondoka. Yeye alijiuliza: ni kitu gani ninacho hapa, kilicho tele, kisichohitaji mashine za gharama kubwa? Tangu utotoni alikuwa mwokota makombe. Basi yeye na mwenzake, bibi Lourdes Cruz, wakaanza kuchunguza sumu ya konokono wa bahari yao wenyewe.

Baadaye Olivera alihamia Chuo Kikuu cha Utah huko Marekani, na kazi ikaendelea huko. Waligundua kwamba sumu ya konokono mmoja si kitu kimoja, bali ni mchanganyiko wa vipande vidogo vya protini zaidi ya mia moja, na kila kipande kina kazi yake. Kimoja hulemaza misuli, kingine humfanya panya wa maabara alale, kingine humtetemesha. Kila kimoja ni kama ufunguo uliochongwa kwa kufuli moja tu.

Mmoja wa wanafunzi walioshiriki kazi hiyo alikuwa Michael McIntosh, kijana wa miaka 18 aliyekuwa ndiyo kwanza ametoka sekondari. Yeye ndiye aliyetenga kipande kimoja kutoka kwa konokono mwingine wa jamii hiyo hiyo, Conus magus, anayepatikana kwa wingi Ufilipino. Kipande hicho hufunga mlango mmoja mahsusi kwenye mishipa ya fahamu, ule unaopitisha habari za maumivu kuelekea ubongoni. Kazi ya miaka mingi ikafuata. Mwezi Desemba 2004 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha dawa iitwayo zikonotaidi, ambayo ni nakala ya kipande kile iliyotengenezwa maabara. Ulaya nayo ikaidhinisha mwaka 2005.

Dawa hiyo hupewa wagonjwa wenye maumivu makali ya kudumu, kama vile baadhi ya wagonjwa wa saratani, ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwafaa. Nguvu yake ni kubwa mno kuliko mofini, na haimfanyi mgonjwa kuwa mtumwa wake kama mofini inavyoweza kufanya. Lakini haimezwi wala haidungwi mkononi. Hupitishwa kidogo kidogo kwa pampu maalumu hadi kwenye maji ya uti wa mgongo, chini ya uangalizi wa madaktari. Kipimo kikikosewa mgonjwa huweza kuchanganyikiwa na kuona mambo yasiyokuwepo.

Insulini ya konokono nayo imewashughulisha wataalamu. Insulini ya mwanadamu ina tabia ya kujikusanya sita sita, na hulazimika kwanza kuachana ndipo ifanye kazi. Ya konokono haina sehemu inayosababisha kujikusanya huko, hivyo hufanya kazi upesi. Mwaka 2020 watafiti walitangaza kuwa wametengeneza insulini ya kibinadamu iliyoazima umbo hilo, wakaijaribu kwa wanyama. Huo ni utafiti. Haijawa dawa ya kununuliwa dukani.

Swali la ndugu mmoja

Niliwahi kueleza habari hizi barazani baada ya swala ya Alasiri. Ndugu mmoja alinifuata pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini, “Ustadh, kwa hiyo unga wa makombe haya unatibu kisukari? Maana mama amechoka na sindano, na kuna mtu ameniambia yapo makombe yanayosagwa.”

Nakiri niliogopa. Nilidhani nimetoa elimu, kumbe nusu ya maneno yangu ilikuwa imeshageuka tangazo la dawa. Basi nilimjibu, na leo nawajibu wote wenye swali kama lake, kwa mambo matatu.

Kwanza, sumu na insulini ya konokono havimo katika kombe. Kombe ni chokaa. Hata ukilisaga na kulitwanga mwaka mzima, utapata unga wa chokaa.

Pili, hata kama mtu angekupa sumu yenyewe ukainywa, hiyo ni protini, na tumbo huisaga kama linavyosaga nyama na maharage. Ndiyo maana insulini ya hospitali hudungwa, hainywewi. Na akitokea mtu wa kuiingiza sumu hiyo kwenye damu yako, huyo hakutibu, anakuua.

Tatu, mgonjwa wa kisukari anayeishi kwa sindano akiacha sindano yake ili ajaribu unga wa mtaani, anaweza kufariki katika muda mfupi. Hapo hatakuwa ameuawa na konokono, bali na sisi tuliomshauri.

Inasikitisha kuona kwamba tukisikia tu “wanasayansi wamegundua”, mara mitaani kunajaa chupa na pakiti zenye maneno hayo hayo. Tiba za asili zina heshima yake, na wapo wanaozijua kwa ukweli. Lakini kuokota neno moja katika kazi ya miaka thelathini ya wataalamu na kulibandika kwenye chupa si tiba, ni ghushi. Na ghushi, ndugu zangu, tunaijua hukumu yake.

Kilichoifanya sumu ya konokono kuwa dawa si konokono mwenyewe. Ni elimu na kipimo. Elimu ilitenga kipande kimoja kinachofaa miongoni mwa zaidi ya mia moja. Kipimo kikaamua kiasi gani, kwa nani na kwa njia gani. Ukiondoa hayo mawili kinabaki kile kile kilichomuua kijana wa Queensland.

Tufanye nini?

Kwa wazazi na walimu wanaopeleka watoto ufukweni, iwe Kigamboni, Kunduchi, Tanga, Mombasa au Unguja, nashauri hivi:

Waambieni watoto kwamba kombe lolote lenye umbo la koni halishikwi, hata likionekana halina mtu ndani. Mnyama anaweza kujirudisha ndani kabisa ukadhani ni ganda tupu. Wala msidanganyike kwamba ukimshika upande wa nyuma uko salama, kwani mrija wake hurefuka na kugeuka. Asitiwe mfukoni wala asifungwe kwenye upindo wa kanga, maana chusa chake kinaweza kupenya nguo.

Akitokea aliyechomwa, asiachwe atembee au akimbie. Atulizwe, sehemu iliyochomwa ifungwe bandeji pana ya kubana kiasi na kuzuiwa isitikisike, kisha apelekwe hospitali haraka hata kama anasema hasikii kitu. Msichanje kwa wembe, msinyonye, wala msikaze kamba ya kuzuia damu. Akianza kushindwa kupumua, anayejua kumpulizia pumzi ampulizie bila kuchoka mpaka wafike kwa daktari. Na aelezwe daktari waziwazi kwamba ni konokono, ili asipoteze muda kutafuta ugonjwa mwingine.

Kwa wanaonunua makombe ya mapambo, nawakumbusha kuwa kombe linalong'aa dukani kwa kawaida limetolewa kwa mnyama aliyekuwa hai. Mwaka 2013 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa aina 632 za jamii hii. 41 kati yake zilionekana kuwa katika hatari ya kutoweka. Kila aina ina sumu yake isiyofanana na ya mwenzake. Anayeimaliza aina moja kwa ajili ya pambo la kabatini huenda amefunga mlango wa dawa ambayo hakuna aliyewahi kuijua.

Na kwa vijana wetu wanaosoma sayansi, nawaachia swali. Yule Mfilipino alikosa mashine, akaangalia bahari ya kwao. Bahari yetu ina konokono hao hao. Je, tunasubiri nani aje atuambie kilichomo chini ya mawe yetu?

Yule mzee wa Kigamboni sikubahatika kumwona tena. Ningemwona ningemshukuru, halafu ningemwomba aje darasani anisaidie kufundisha. Maana yeye aliijua hatari bila kitabu, mimi nilikuwa na vitabu bila kuijua. Tukikaa pamoja, mwenye mwamba na mwenye kitabu, inshaallah watoto wetu watakuwa salama zaidi.

Wallahu a'alam.